MKOKOTENI WA PUNDA KWA EKSELI YA GARI KUUKUU
Somo kwa vikundi vya kujisaidia



Katika ziara zetu vijijini swali moja limekuwa likirudi kila mara. "Mwalimu, sisi tunaweza kujitengenezea mkokoteni hapa nyumbani, au ni lazima tununue ule ulio tayari mjini?" Jibu letu ni kwamba mnaweza. Fundi wa jua kali, ekseli ya gari lililokufa, mbao na subira vinatosha. Lakini kuna mambo ambayo ni lazima yafuatwe, na mengine sisi wenyewe tuliyajifunza kwa uchungu. Ndiyo maana tumeandika somo hili. Lisomeni pamoja kwenye mkutano, mtu mmoja akisoma kwa sauti, na msimame pale palipo na swali.

KWA NINI MKOKOTENI?

Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20, na kilo moja hivi ya mtungi wenyewe. Mama anabeba mmoja mgongoni. Nyumba ikihitaji mitungi mitano kwa siku, hizo ni safari tano, na huku kwetu wakati wa kiangazi visima vya mchanga mtoni viko mbali. Siku inaisha njiani.

Wengine wanampakia punda mgongoni mitungi minne, yaani kilo 80 na zaidi. Punda wetu ni mdogo. Punda mzima wa kawaida ana kilo kama 120 hadi 160. Hebu fikirini mtu wa kilo 60 akibebeshwa zaidi ya kilo 30 kila siku, kutwa mara tatu. Mgongo unachubuka, vidonda vinaoza, na punda anazeeka kabla ya wakati wake.

Punda huyo huyo akivuta mkokoteni wenye magurudumu ya upepo, barabara ikiwa tambarare, anaweza kusafirisha mitungi kumi bila kuumia, kwa sababu uzito umebebwa na magurudumu wala si mgongo wake. Tena halipiwi petroli.

KISA CHETU

Tuanze na kosa letu, maana anayeficha maradhi kifo humuumbua.

Kikundi kimoja tulichokuwa tukikisaidia kilitengeneza mkokoteni mzuri kwa macho. Ulipakwa rangi ya samawati, mbao zake zilikuwa laini, na magurudumu yalizunguka bila kelele. Walipofika mwisho walikuwa wamepungukiwa na shilingi 1,500 za breki. Mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Wanangu, ule mteremko wa dukani haujui kama mmeishiwa na pesa." Watu walicheka. Sisi tuliotoka ofisini tulikuwa tumeketi pale mbele, na ndio tuliosema, "Mzee, breki itakuja mwezi ujao. Kwanza mkokoteni uanze kuleta pesa."

Juma la tatu, siku ya Jumamosi, kijana aliyekuwa akiuendesha alipakia mitungi kumi na minne. Kwenye ule mteremko mkokoteni ulianza kumsukuma punda kutoka nyuma. Hakuwa na mkanda wa matakoni wa kumsaidia kuuzuia. Punda akakimbia, na mkokoteni ukamfuata. Ulipinduka penye kona. Kijana alivunjika kifundo cha mkono. Punda alivunjika mguu wa mbele, na afisa wa mifugo alipofika alisema hapana la kufanya ila kumpunguzia maumivu.

Punda yule hakuwa wa kikundi. Alikuwa wa mama mmoja mjane aliyekuwa amemwazima kikundi kwa moyo mweupe, na ndiye aliyekuwa akimpatia karo ya watoto. Mama hakusema neno. Alichukua kamba ya punda, akaikunja, akaenda nayo nyumbani.

Kikundi kilimlipa shilingi 22,000 kidogo kidogo kwa miezi saba, na sisi wa ofisi tukachanga sehemu yetu, kwa sababu kosa lilikuwa letu pia. Tulijaribu kuokoa shilingi 1,500. Tangu siku hiyo hatukubali mkokoteni utoke kwa fundi bila breki, hata kama kila mtu ana haraka.

SI SISI WA KWANZA

Kazi ya kufufua gari kuukuu nyumbani kwa pesa kidogo si ngeni duniani. Kiwanda cha Ford huko Marekani kilitengeneza magari ya Model T zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927. Magari hayo yalipochakaa yaliuzwa kwa bei ya chini. Miaka ya 1930 vijana wa California waliyanunua, wakang'oa paa na bamba za magurudumu ili yawe mepesi, wakatengeneza injini uani, na wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Baadaye magari ya aina hiyo yaliitwa hoti rodi. Vijana wengi hawakuwa na pesa. Walikuwa na spana, rafiki mwenye kujua kidogo, na sehemu ya gari hili kwa gari lile.

Lakini walijifunza pia kwamba gari linalokwenda ni lazima lisimame. Watu waliumia na kufa. Kwa hiyo walijiunga katika vikundi, na mwaka wa 1937 vikundi hivyo vikaunda chama kimoja cha Kusini mwa California chenye kanuni na ukaguzi. Mwaka wa 1951 Wally Parks na wenzake walianzisha chama cha nchi nzima, ili kuwatoa vijana kwenye mashindano ya barabarani na kuwapeleka mahali palipo salama. Gari lisilopita ukaguzi halikuruhusiwa kushindana.

Sisi hatutaki mbio. Lakini mambo matatu ya vijana wale yanatufaa: tumia kilichopo, fanyeni kwa kikundi, na kagueni kabla ya kutoka.

HATUA YA KWANZA: MKUTANO NA HESABU

Msinunue hata bolti moja kabla ya kukaa chini. Kikundi kijibu kwanza: mkokoteni ni wa kazi gani, njia yake ina milima mingapi, punda ni wa nani, na nani atauendesha. Mkokoteni wa maji kwenye njia tambarare si sawa na wa kubeba mawe mlimani.

Halafu karani aandike hesabu. Huu hapa ni mfano wa kikundi kimoja. Bei za soko lenu zitatofautiana, kwa hiyo ulizeni kwa mafundi wawili au watatu.

- Ekseli ya nyuma ya gari dogo, pamoja na ngoma zake za breki: 9,000
- Rimu mbili, tairi mbili zilizotumika, na tyubu: 6,000
- Chuma cha engo, vipande vitatu: 6,600
- Mbao za sakafu na za kando: 4,000
- Beringi, sili na grisi: 2,400
- Kebo ya breki na mkono wake: 1,500
- Kazi ya fundi wa kuchomelea: 5,000
- Mikanda, tandiko na kamba: 2,500
- Bolti, rangi na viakisi mwanga: 1,000
- Miti miwili ya kuvutia: ilitolewa na mwanachama
- Jumla: shilingi 38,000

Wanachama walikuwa 20. Kila mmoja alitoa shilingi 200 kwa mwezi, yaani 4,000 kwa mwezi. Baada ya miezi kumi walikuwa na 40,000. Zile 2,000 zilizobaki waliziweka kwa ajili ya tairi la kwanza kutoboka. Hawakukopa kwa mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

Angalieni kitu kimoja. Breki na mikanda imo ndani ya hesabu, tena haiko mwisho ili ikatwe pesa zikipungua. Pesa zikipungua kateni rangi. Punda havutwi na rangi.

HATUA YA PILI: KUCHAGUA EKSELI

Kuna njia tatu ambazo mafundi wetu hutumia.

Ya kwanza ni ekseli nzima ya nyuma ya pikapu au gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ile yenye difu katikati. Ni imara lakini ni nzito, na gia za ndani zinamkaza punda bure. Wengine hufikiri watafungua difu na kuzitupa shafti zake. Kwa magari mengi madogo hiyo haiwezekani, maana shafti ndiyo inayoshika gurudumu. Kwa magari makubwa kama Land Rover za zamani shafti hutoka na gurudumu likabaki limesimama kwenye habu yake. Mwulizeni fundi kabla ya kulipa.

Ya pili ni kukata vile vipande vya mbele vinavyoshika magurudumu, kuviingiza ndani ya bomba nene la chuma, na kuchomelea. Ni nyepesi na rahisi. Ubaya wake ni huu: chuma hicho ni kigumu, na fundi asiyejua akikichomelea kinapata ufa usioonekana. Siku moja gurudumu linakatika njiani. Msikubali kiunganishwe ncha kwa ncha. Kiingie ndani ya bomba kabisa, na pawe na bolti pamoja na kuchomelea. Hata hivyo hakina breki ya mkono.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda. Ni ekseli ya nyuma ya gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Ukichungulia chini yake nyuma huoni difu. Ni chuma kimoja chenye gurudumu kila upande, ni chepesi, na mara nyingi kina ngoma za breki zinazovutwa na kebo ya breki ya mkono. Chagueni ile iliyonyooka. Mkinunua, ombeni na ule mkono wa breki kutoka ndani ya gari hilo hilo.

Kabla ya kulipa fanyeni majaribio haya. Inueni ekseli, zungusheni gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Likikwaruza kama mchanga, beringi imekufa. Lishikeni juu na chini na kulitikisa. Likicheza sana, ongezeni bei ya beringi mpya kwenye hesabu. Tazameni chuma chenyewe kutoka nyuma kama kimepinda. Rimu zote mbili ziwe za ukubwa mmoja, na tairi pia, la sivyo mkokoteni utakuwa ukivuta upande mmoja na punda ataumia bega.

Tena, ombeni risiti. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara wa vyuma chakavu awe na leseni. Kitu cha bei rahisi mno kinachouzwa jioni nyuma ya nyumba huenda kimeibwa, na kikundi ndicho kitakachokwenda kuandika maelezo polisi.

HATUA YA TATU: KUTENGENEZA

1. Safisheni ekseli. Mkifungua ngoma za breki msipulize vumbi lililomo. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta magonjwa mabaya baada ya miaka mingi. Lilowesheni kwa maji, lipanguseni kwa kitambaa, kisha kitambaa kifukiwe.

2. Tieni grisi. Toeni beringi, zioshwe kwa mafuta ya taa, zikauke, halafu grisi mpya isukumwe ndani kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Wekeni sili mpya. Kwa beringi za kukazwa kwa nati, kazeni nati polepole huku mtu mwingine akizungusha gurudumu, mpaka lianze kuwa zito. Kisha irudisheni nati kidogo mpaka gurudumu lizunguke bila kucheza. Wekeni pini yake, na kifuniko cha kuzuia vumbi. Nati isiyo na pini hufunguka yenyewe njiani.

3. Fungeni fremu. Engo zichomelewe kuwa mstatili, na chuma kimoja kipite katikati. Pembe zipimwe kwa kamba: kamba ya kutoka kona hii hadi kona ya mkabala ilingane na ile nyingine. Zikitofautiana, fremu imekwenda upande. Anayechomelea avae miwani ya kazi hiyo, na watoto wasikae pale wakitazama ule mwanga. Bomba lililopakwa zinki lisichomelewe ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wake ni sumu.

4. Shikizeni ekseli kwa fremu kwa bolti za U, msiichomelee. Sababu mtaiona sasa hivi.

5. Wekeni miti miwili ya kuvutia. Msitumie vipimo vya punda wa jirani. Mleteni punda wenu asimame hapo. Kati ya mti na ubavu wake pabaki nafasi ya kiganja kila upande. Miti ipite mabega yake kidogo, na nyuma pawe na nafasi ya kutosha ili miguu yake isigonge mkokoteni akitembea. Ikishikwa kwa kimo cha ubavu wa punda, sakafu iwe imelala sawasawa. Kama sakafu inainama nyuma au mbele, fremu iinuliwe au ishushwe.

6. Pimeni mizani. Pigieni mbao za sakafu, kisha pakieni mitungi iliyojaa kama siku ya kazi. Mtu mmoja ainue ncha za miti kwa mikono. Asikie uzito mdogo tu, kama mtungi usiofika nusu. Akisikia uzito mkubwa, huo wote utakaa mgongoni kwa punda. Ncha zikitaka kwenda juu zenyewe, mkanda wa tumbo utamkaba. Legezeni bolti za U, sogezeni ekseli mbele au nyuma kidogo, pimeni tena. Mnaona sasa kwa nini hatukuichomelea?

7. Malizeni kwa mbao za kando, rangi ya kuzuia kutu, na viakisi mwanga: vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Mwenye lori usiku hamwoni punda wa kijivu.

HATUA YA NNE: BREKI

Kebo mbili za magurudumu ziunganishwe kwenye mkono mmoja, na mkono huo ufungwe mbele upande wa kulia, mahali mwendeshaji anapoufikia akiwa anatembea kando ya punda. Mkivuta, magurudumu yote mawili yakamate kwa pamoja.

Kama ekseli yenu haina breki ya ngoma, fundi anaweza kutengeneza ubao mzito unaopita nyuma ya tairi zote mbili, wenye vipande vya mpira wa tairi kuukuu kwenye ncha zake. Mkono wa chuma unausukuma ubao huo ukabana tairi. Si nzuri kama ya ngoma, hasa matope yakiwepo, lakini inafanya kazi.

Sasa jaribuni bila punda. Pakieni mzigo kamili. Vijana wanne waushike mkokoteni na kuupeleka kwenye mteremko mdogo, wawili wakiwa na mawe mkononi tayari kuyaweka mbele ya magurudumu. Vuteni breki. Ukisimama pale pale, vizuri. Ukiendelea kuteleza, hakuna mjadala: urudi kwa fundi. Jaribio hili lifanyike mbele ya wanachama wote, na karani aandike tarehe katika kitabu. Baadaye lirudiwe kila mwezi.

HATUA YA TANO: MIKANDA YA PUNDA

Watu wengi humfunga punda nira ya ng'ombe. Hilo ni kosa. Ng'ombe wetu ana nundu na shingo nene, naye husukuma kwa hapo. Punda hana nundu. Nguvu yake iko kifuani. Mkimwekea nira inakaa juu ya mifupa ya shingo na kumtoboa.

Mkokoteni unahitaji vitu vitatu. Mkanda wa kifua, mpana kama kiganja au zaidi, uliotandikwa kitambaa laini. Usiwe juu mpaka ukamkaba koo, wala chini mpaka ukazuia mabega. Pili, tandiko dogo la mgongoni lenye mito miwili, ili miti ikae juu ya nyama za kila upande wala si juu ya uti wa mgongo. Tatu, mkanda wa matakoni. Huu ndio ule tuliousahau. Unazunguka nyuma ya mapaja na kufungwa kwenye miti, na punda akiteremka anaukalia na kuuzuia mkokoteni.

Mikanda inashonwa kwa turubai au magunia yaliyokunjwa mara nne. Kamba ya nailoni isiguse ngozi, inakata kama kisu. Kila jioni pitisheni mkono mahali mikanda ilipokuwa. Palipotoka manyoya leo, kesho ni kidonda.

MZIGO NA PUNDA MWENYEWE

Kanuni yetu ni hii. Kwa punda mmoja mwenye afya, njia tambarare, mitungi isizidi kumi. Njia ya mlima, sita. Kwenye matope, punguzeni tena. Mwendeshaji ashuke na kutembea penye mlima na penye mteremko. Mitungi ifungwe kwa kamba isiteleze.

Punda asianze kuvuta kabla ya kutimiza miaka mitatu au minne. Mimba ya punda ni kama miezi kumi na miwili, na punda jike apumzishwe miezi mitatu ya mwisho na mingine mitatu baada ya kuzaa. Apewe maji kabla ya kazi na baada ya kazi. Ni aibu punda abebe maji kutwa nzima na mwenyewe alale na kiu. Apate angalau siku moja ya mapumziko kila juma, na kwato zake zikaguliwe.

Kumbukeni pia punda wanapungua. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 hapa Kenya. Ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2. Tangu machinjio ya punda yafunguliwe mwaka wa 2016, wizi wa punda uliwaliza watu wengi. Februari 2024 viongozi wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Hata hivyo msimwache punda alale nje. Mlangoni pawe na kufuli, na majirani wajue sura yake.

HESABU ZA KAZI

Mkokoteni usio na kitabu huleta ugomvi kabla ya mwaka kwisha. Tuchukue mfano. Mitungi 10, safari tatu kwa siku, shilingi 20 kila mtungi: hizo ni 600 kwa siku. Siku tano ni 3,000. Kikundi kimoja kinagawa hivi kila juma:

- Mwendeshaji: 1,200
- Mwenye punda: 600
- Grisi, tairi, lishe na dawa ya punda: 600
- Kurudisha mchango wa wanachama: 600

Kwa njia hii zile 40,000 zilizochangwa zitarudi baada ya majuma 67, yaani mwaka mmoja na miezi mitatu na zaidi kidogo. Si haraka. Lakini wakati huo wote maji yamefika nyumbani, na pesa ya tairi iko tayari. Mwenye punda asisahaulike, naye asifikiri kwamba mkokoteni ni wake kwa sababu punda ni wake. Yaandikwe mapatano, pamoja na hili: punda akifa au akiumia kazini, kikundi kitamlipa mwenyewe kiasi gani, na kwa muda gani. Sisi tulilijadili jambo hilo baada ya msiba, mbele ya mama aliyekuwa analia. Ninyi lijadilini sasa mkiwa mnacheka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kisa chetu, nani alikuwa na kosa? Kijana, kikundi, au sisi wa ofisi? Je, yule mzee angefanya nini zaidi?
2. Njia yetu ya maji ina miteremko mingapi? Mtu mmoja aichore chini kwa kijiti, na wote waonyeshe mahali pa hatari.
3. Ni vitu gani tunavyo tayari ambavyo hatuhitaji kununua?
4. Mkokoteni ukipatikana, zile saa ambazo akina mama walitumia kuteka maji zitafanya kazi gani? Nani ataamua?
5. Pesa zikipungua, ni kitu gani tutakata katika hesabu, na ni kitu gani hatutakata hata kidogo?

Kikundi kile cha mkokoteni wa samawati bado kipo. Waliutengeneza upya, wakatia breki ya ngoma. Yule mzee ndiye mkaguzi wao sasa. Kila mwisho wa mwezi anaketi juu ya jiwe pale mteremkoni na fimbo yake, mkokoteni unaletwa umejaa mitungi bila punda, na yeye anainua fimbo: "Haya, vuteni." Ukisimama, anaandikiwa chai. Ukiteleza hata hatua mbili, hakuna anayeufunga punda siku hiyo. Na yule mama mjane alimnunua punda mwingine. Alipoulizwa kama atamwazima tena kikundi alijibu, "Kwanza nionyesheni breki."